Asili ya neno "konmani"

Jumamosi, 12 Juni 1971

Kaka amemwita esigani wetu, mzee aliyetuunganisha mimi na Nyakundi, "konmani", yaani tapeli, na neno hilo limekataa kunitoka kichwani. Nimelitafuta katika kamusi kubwa niliyoazima shuleni. Nilidhani limetoka kwenye wizi. Kumbe limetoka kwenye neno la Kiingereza la kuaminiana. Zamani huko Marekani mtu mmoja aliwaomba wapita njia wamwamini, wamwachie saa zao, kisha akaenda nazo.

Juzi baba alikwenda Kenyenya, nyumbani kwa kina Nyakundi, kukagua ng'ombe wa mahari yangu. Alirudi akiwasifu ng'ombe hao. Leo shangazi amesikia sokoni Daraja Mbili kwamba wengi wao ni wa majirani, waliazimwa kwa siku ile tu.

Jioni baba alimwuliza esigani. Mzee akacheka.

"Omogaka, hata mimi huniamini?"

Baba akaona haya, akaagiza mzee aletewe chai. Mimi ndiye niliyemmiminia.

Ng'ombe si kitu kwangu. Ningeolewa na Nyakundi hata kwa mbuzi mmoja. Kinachonikaba ni kwamba alisimama pale zizini akamtajia baba kila ng'ombe kwa jina lake.

Kesho akija baada ya misa nitamwuliza mbele ya baba: wale ng'ombe ni wa nani? Akisema ukweli, hata ule wa aibu, nitampikia. Akianza na "niamini, Moraa"…

Basi nitamsindikiza mwenyewe hadi barabarani, nirudi ndani peke yangu.