Miwani Iliyotupwa Mwigobero

Alhamisi, 4 Julai 1996
Nimeanika dagaa. Nimegeuza dagaa. Miwani imeniangukia kwenye dagaa. Mkono wa miwani uliovunjika nimeufunga uzi tena. Jioni mdogo wangu Nyangeta kafika kutoka Dar kumsalimu mama. Hana miwani! Mumewe, tangu biashara ziwe huria, mambo yamemnyookea, kampeleka Afrika Kusini. Wamempiga leza machoni, kapona. Ubovu wa macho tulizaliwa nao wote wawili, mbali hatuoni. Miaka ile ya shule tulikuwaga na miwani moja tu, tunapokezana darasani. Leo kapona peke yake. Naona wivu. Niandike nini kingine?

Jumamosi, 6 Julai
Nimempeleka Nyangeta Mwigobero, ziwani inapotia nanga mitumbwi. Kasoma majina ya mitumbwi ikiwa bado mbali, watu wanashangilia kama mpirani. Kisha katoa miwani yake ya zamani kwenye pochi, kaapa mbele ya wote kwamba yeye na miwani basi, kaitupa ziwani. Chubwi! Fremu nzima. Vioo ambavyo ningevaa mimi. Na mimi nimesimama pale na uzi sikioni. Nimechemka tu.

Jumapili, 7 Julai
Baada ya ibada, furu, visamaki vya ziwani vyenye miiba. Tangu macho ya mama yaingie ukungu, mimi ndiye namchambulia samaki. Navua miwani, nasogeza kipande hadi puani, mwiba haunipiti. Ndiyo heshima yangu humu ndani. Leo Nyangeta kavuta sahani. "Dada, pumzika. Mwenye macho mapya ni mimi." Mama kacheka, eti sasa kapata macho. Yangu yalikuwa nini, makaa? Nimekula ugali mkavu, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumanne, 9 Julai
Mama kakwamwa na mwiba, samaki kachambua Nyangeta. Kakohoa hadi machozi. Nimemkalisha mlangoni penye jua, nimevua miwani, nimeuchomoa nyuma ya ulimi. Mwiba mrefu, hata kwa kupapasa ungeupata. Na nilifurahi. Mungu anisamehe, mama anatetemeka, mimi nafurahi.

Nyangeta kakimbilia nyuma ya nyumba. Nimemfuata nimpe zake. Nikamkuta analia.

"Dada, karibu sioni."

Kumbe daktari alimwonya. Kwa umri wetu, ukirudishiwa mbali, karibu panakutoroka, utahitaji miwani ya kusomea. Hakutaka kusikia. Sasa Biblia hasomi. Uzi hauingizi kwenye sindano, na kudarizi ndiyo raha yake tangu tuko wasichana. Ametuficha wote.

Ijumaa, 12 Julai
Nyangeta kaondoka asubuhi. Nilimwambia anunue hiyo miwani. Hataki, kaapa mbele ya Mwigobero nzima. Kichwa ngumu tangu utotoni. Stendi, yeye ndiye aliyesoma kibao cha basi, mimi naona vumbi tu. Wivu bado upo. Umekaa kama mgeni asiyeaga.

Mchana nimemchambulia mama furu. Kala zote.

Jana nilikaa na kopo la biskuti Nyangeta anamoweka sindano zake, nikazitia uzi zote, kila rangi, ili akadarizi huko kwake. Kanikumbatia hadi miwani ikapinda.

Nyuzi nimezikata fupi. Hakuona. Zikiisha, arudi.