Chuma cha Profesa

Jumatatu, 3 Juni
Mashine hii ya kupima madini inanifanya mjinga. Nimeilisha maji safi kabisa, hata ladha hayana — inasema yana chuma! Chuma gani? Chupa nimeziosha kwa asidi, glavu nimebadilisha. Bado. Fundi kwenye simu akacheka: ni argoni hiyo, gesi inayowaka mle ndani. Ikishikana na oksijeni inakuwa na uzito uleule wa chuma, na mashine inachojua ni uzito tu. Eti nipitishe heliamu, iwazuie hao matapeli. Sawa. Mtungi wa heliamu uko wapi? Watu wa ghorofa ya chini wameuchukua. Bila hata kuniambia!

Jumanne, 4 Juni
Mtungi umerudi, nusu mtupu. Nimemeza hasira, nikauunganisha na mashine. Maji safi sasa yanasoma karibu na sifuri. Nikapiga kigelegele peke yangu kama mwehu. Kisha nikapima maji ya ziwa, yale ya Profesa — chuma kimetoweka! Karibu hakuna. Na Profesa miaka miwili sasa anasema chuma ndicho kinacholisha mwani unaoziba ziwa. Jumatatu anapanda jukwaani kulisema hilo mbele za watu. Lazima nimekosea mahali.

Mume wangu: mama watoto, si upime sufuria, chuma kipo tele. Sikucheka.

Jumatano, 5 Juni
Sijakosea. Potelea mbali.

Alhamisi, 6 Juni
Lakini Profesa alikuwa akiiondoa argoni kwenye hesabu zake. Sasa chuma chake kilichobaki kilitoka wapi? Nikakumbuka nikiwa naosha vyombo — kalsiamu! Ziwa lile ni chokaa tupu. Kalsiamu nayo ikishika oksijeni, uzito uleule. Leo nimetia kalsiamu kwenye maji safi, heliamu nimeifunga: "chuma" hicho, tele. Nikaifungulia: hakuna kitu.

Angekuwa mtu mbaya ningefurahi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya harusi yangu. Jioni nikamwambia, tumesimama mlangoni. Haiwezekani, binti yangu, rudia. Nirudie! Nimerudia mpaka kidole kimeota sugu!

Ijumaa, 7 Juni
Kaja mapema, kabla ya mfagiaji. Mkononi sanduku la barafu: sampuli zake za mwaka wa kwanza, alizochota mwenyewe. Sikujua kama bado anazo. Anza na hizi, akasema. Nikauliza, na heliamu? Akautazama mtungi weee.

"Na heliamu."

Naandika huku mashine ikijisafisha, nisije nikaropoka. Amekalia stuli yangu, koti hajavua, miwani ameitia mfukoni. Nilimgeuzia skrini, akairudisha kwangu. Nisomee wewe.

Sampuli ya kwanza imeingia. Namba zinapanda — hapana. Zimesimama karibu na sifuri.

Ananiuliza ngapi. Nimeinama hapa kana kwamba napiga hesabu.

"Ngapi, mwanangu?"