Mbu Walionisusa

Chumba cha juu, nyuma ya maabara,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha goti lako, maana najua nalo siku hizi linataka heshima zake. Je, linakuruhusu kusimama saluni kutwa nzima, au bado unasuka umekaa? Na Baba Mkubwa, kikohozi kimemwacha, au yeye ndiye asiyetaka kukiacha? Mimi ni mzima. Nakula vizuri na kulala vizuri, isipokuwa wiki moja ambayo nitakusimulia humu ndani.

Barua yako ilinifikia, na kabla yake kile kifurushi chenye kopo la mafuta ya ngozi uliyoyachemsha mwenyewe. Ahsante sana, mama yangu. Kuosha vizimba vya mbu kulikuwa kumenikausha mikono mpaka naona haya kumpa mtu mkono. Tangu kopo lifike nilikuwa nikijipaka kila usiku kabla ya kulala, na ngozi ikarudi kuwa ngozi. Hayo mafuta usiyasahau, tutayarudia.

Maswali ya wateja wako yamenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Yule mama wa duka la vitambaa mwambie koti jeupe nalivua nikitoka, linabaki kwenye msumari, na lina doa la chai mfukoni. Anayedhani wanasayansi wote ni wazee wenye nywele timutimu, muulize nani alinisuka mimi. Na huyo bibi arusi aliyeshangaa kwamba kuna mtu analipwa kwa kufuga mbu, mwambie hata mimi kuna asubuhi nashangaa. Viluwiluwi nawapa chakula cha samaki kilichosagwa, wakubwa nawawekea pamba yenye maji ya sukari. Wamezaliwa humu humu ndani, hawana ugonjwa wowote, wana njaa tu.

Umeuliza pia kama kila mmoja wetu hujifungia peke yake mpaka agundue kitu. Hapana, hapa mtu hapewi hata nafasi ya kujifungia. Tuko watatu kwenye chumba chenye joto kama jiko. Kuna msimamizi wangu, ambaye sisi humwita Mama Tena, kwa sababu ukimletea jibu zuri kiasi gani, neno lake ni hilo hilo: "Tena." Kuna na mwenzangu Mlingoti, mrefu mpaka taa ya dari inamgonga kichwani. Huyo ni ndugu yangu wa kazi, tunachangia mpaka sabuni.

Lakini chini kabisa ya ukurasa, baada ya maswali ya watu, uliandika la kwako: "Na mkishajua, mnajuaje kwamba mmejua?" Mama Mkubwa, swali hilo ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo linalonifanya leo nikuandikie kukushukuru.

Unakumbuka lile jani tulilosema linafukuza mbu. Utalisahau vipi, na wewe ulilitangaza kwa kila kichwa kilichoinama mbele yako? Tulikuwa tunalikamua maji yake, tunajipaka mkononi, tunaingiza mkono kwenye kizimba na kuhesabu mbu wanaotua. Mimi nilijipaka dawa, Mlingoti aliingiza mkono mtupu ili tuwe na cha kulinganisha. Kila mara yeye alitoka na vipele mpaka kwenye kiwiko, mimi nikatoka msafi. Nilikuwa nimebakiza kusimama mbele ya watahini nipewe shahada yangu. Na mara baada ya hapo dawa ingeanza kupewa walinzi wa usiku wa mtaa huu, wajipake na kukaa nje, kwa mbu wa kweli wenye homa.

Siku moja wakati wa chai nikamsomea Mama Tena swali lako, ili tucheke. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Dawa hujipaka nani?"

"Mimi."

"Siku zote wewe? Kwa nini?"

"Kazi ni yangu, mama."

"Na mbu wameambiwa hivyo? Badilishaneni mikono. Halafu tena."

Tukabadilishana. Mlingoti akajipaka dawa mpaka ikachuruzika, akaingiza mkono. Walimvamia kama wageni walioona chakula kinapakuliwa. Kisha nikaingiza wangu, mtupu, bila dawa hata tone. Mbu wakabaki kwenye wavu. Mmoja alinisogelea, akafikiri, akaondoka zake. Sijawahi kususwa na kiumbe chochote nikaumia vile.

Tukatazamana. Mlingoti akaninusa kiwiko, akasema, "Dada, wewe unanukia saluni."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Sisi tuna sharti la kazi: hakuna manukato, hakuna sabuni yenye harufu, siku ya kujaribu. Nami nalishika kama amri. Lakini akilini mwangu siku ilianza asubuhi. Usiku niliuona ni wangu, na mafuta ya mama yangu mkubwa sikuyaona kuwa manukato, niliyaona kuwa nyumbani. Kumbe mimi nilishaoga na kuyasahau, mbu hawakusahau. Niliacha kuyapaka wiki nzima, nikaoga kwa maji matupu, tukajaribu upya kila mtu kwa mikono yake yote miwili. Waliniuma kwenye dawa, wakaniuma pasipo na dawa, hawakuchagua. Lile jani, Mama Mkubwa, ni jani tu.

Unataka kujua kama wanasayansi hulia? Nililia kwenye stoo, nimekaa juu ya gunia la sukari ya mbu. Nililia sana.

Nilikwenda kwa watahini nikawaeleza mwenyewe kabla hawajaniuliza. Mmoja akataka kujua kosa limeonekana vipi. Nikasema kuna msusi mmoja aliniandikia barua. Walinisikiliza kwa upole, wakanipa mkono, wakaniambia nikaanze upya. Kwa hiyo mahafali hayapo mwaka huu, na safari yako ya kuja kunishangilia haipo. Najua gauni limeshashonwa. Najua umeshalivaa mbele ya kioo na Baba Mkubwa ameshalisifia bila kuinua macho. Nisamehe kwa hilo.

Nitakuambia ukweli: watahini sikuwaogopa kama nilivyoiogopa barua hii. Wewe ndiye uliyenilea, ndiye uliyenipachika jina la Kwanini na hukuchoka kunijibu hata ukiwa na kichwa cha mteja mkononi. Kukupa habari ya kushindwa baada ya kuwa umeshajipiga kifua mtaa mzima, moyo uliniwia mzito. Nimechana karatasi kadhaa kabla ya hii.

Halafu jana asubuhi, nikiingia kazini, nikapishana na mlinzi wetu akimaliza zamu. Huyu baba hunitunzia kiti kivulini nikichelewa chai. Alikuwa amejifunika koti lake zito la kujikingia mbu mpaka puani, kama kawaida, akanilalamikia joto. Nikasimama pale nikamtazama. Mwezi huu angekuwa amelivua lile koti kwa sababu mimi ningekuwa nimemwambia alivue.

Sasa nakuomba jambo moja, na usinune. Hayo mafuta yako usiyauze kuwa ni dawa ya mbu! Tulimpaka Mlingoti, mbu wakamla vile vile. Labda ni mafuta na ngozi yangu pamoja, labda ni kitu kingine, sijui. Hili nalo liwaambie wateja: neno tunalolisema zaidi kazini ni "sijui", na Mama Tena hulipenda kuliko mengine. Ila niandikie unachemsha na nini. Nataka kuanza na hapo.

Nisalimie sana Baba Mkubwa, mdogo wangu wa mwisho na msichana wako wa kuosha nywele. Mlingoti anakusalimu na kukuonyesha vipele vyake. Mungu akutunzie goti, mikono, na hasa huo mdomo wa kuuliza.

Gauni lako litundike, usimpe mtu. Na mteja akikuuliza huyo mwanao amegundua nini hatimaye, usitafute maneno. Mwambie amegundua kwamba alikosea, na mlinzi wa watu bado amevaa koti lake.

Akupendaye, na hili halihitaji kujaribiwa tena,

Mwanao,
Kwanini