Kitufe Kwenye Rozari ya Mama

Kizwite,
Sumbawanga.
16 Juni, 2024.

Mpendwa kaka Lazaro,

Shikamoo. Habari za Morogoro, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu inaingia hadi kwenye mifupa, na mahindi bado yamelundikana uani. Mama yetu hajambo kwa kiasi chake. Anakunywa uji wa ulezi, anasikia kila kitu, ila maneno hayajarudi tangu apatwe na kiharusi, na mkono unaomtii ni ule wa kushoto tu.

Kaka, nimechoka, sitakuficha. Nikiwa jikoni, roho iko chumbani kwake. Nikienda shamba, nageukia njiani. Uliposema kwenye simu kwamba utakuja na gari umchukue Mama akakae kwako, sikukujibu. Jibu ninalo sasa, lakini kwanza nikupe habari za mpwa wako.

Huyu Kristiana nimemzaa mimi, wala sijisifu bure! Ana kikompyuta kidogo kama kiberiti, hakina hata kioo, anakichezea tangu amalize kidato cha nne. Akanunua sokoni kile kitufe cha kupigia selfi kwa mbali, akakiunganisha na kikompyuta chake kwa bluetooth, bila waya hata mmoja. Mama akibonyeza chumbani, spika aliyoiweka jikoni inaita kwa sauti ya Kristiana: "Mama, Bibi anakuita!" Nililia. Nimesimulia mtaa mzima, hata wasiotaka kusikia wamesikia.

Tatizo, kitufe kilikuwa kinapotelea kwenye mablanketi. Nikaona nikifunge kwenye rozari ya Mama, maana hiyo haiachii. Lo! Alipoanza kusali, kila Salamu Maria akabonyeza. "Bibi anakuita! Bibi anakuita!" Nami mbio, mikono imejaa unga, namkuta katulia anasali zake. Jirani Mwantum akachungulia kutoka dukani kwake: "Mama Kristi, leo kwenu kuna mnada?" Kristiana alicheka hadi akakaa chini, kisha akakipanga upya kikompyuta. Kitufe kikibonyezwa mara moja moja, kinyamaze, hizo ni za Mungu. Kikibonyezwa mara tatu harakaharaka, hizo ni zangu. Mama alielewa siku hiyohiyo.

Juzi nilikuwa napukuchua mahindi, spika ikaita. Nikakimbia. Shuka kavu, maji yapo, hakuna kilichoharibika. Mama akapigapiga blanketi pembeni yake. Nikakaa. Akanitazama macho yangu yaliyovimba, akanitia kitufe kiganjani pamoja na rozari yake, akanikunja vidole juu yake. Nikasinzia hapohapo kama mtoto, mahindi nikawaachia kuku.

Basi kaka, nami nabonyeza mara tatu. Usije na gari la kumhamisha. Hapa akiita, anaitikiwa. Njoo wewe mwenyewe baada ya mavuno, ulale chumba kinachopakana na chake, uitwe wewe, mimi nilale.

Msalimie sana wifi Monika, na mwanao Sharon umwambie dada yake Kristiana anamkumbuka. Mama mdogo Otilia wa Laela anakusalimu. Mungu akulinde safarini, maana najua unakuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa hoi,

Fransiska, Mama Kristiana