Sufuria Iliyovujiwa na Mvua

Shuleni, Babati

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii umsomee na mama. Kifua chake kinaendeleaje tangu baridi ianze huko juu Mbulu? Mimi sijaugua. Makande tunapata, ila sabuni ya dukani hatujaiona tangu shule ifunguliwe.

Uliuliza habari za yale mafuta. Mwalimu wetu wa kemia anatufundisha kugeuza mafuta ya alizeti yawe kama dizeli, kwa kuyachanganya na spiriti na magadi makali. Tatizo lilikuwa uchafu. Kila mara ilitoka sabuni nyingi, tukayaosha kwa ndoo na ndoo za maji, na maji hayo yakaunguza mchicha wa mwalimu. Nilisoma kitabuni kwamba mafuta yakichemshwa kwanza mpaka maji yaliyomo yaishe, sabuni hupungua. Niliona haya kunyoosha kidole. Nikamnong'oneza Paulina ninayekaa naye dawati moja, naye akasimama akayasema yote. Tangu siku hiyo mwalimu anamwita Injinia. Injinia njoo, Injinia unaonaje. Hata mwandiko wake mbaya sasa unasifiwa. Baba, nilimwonea wivu.

Mwalimu aliahidi kwamba atakayewasha mashine ya umeme ya shule kwa mafuta hayo atapewa debe zima aende nalo nyumbani likizo. Nilishaanza kuisikia mashine yako, iliyosimama kwa kukosa dizeli, ikisaga tena. Baba yake Paulina ni karani hapa kata ya Bagara, hana hata baiskeli. Debe la nini?

Jumamosi ilikuwa zamu ya Paulina. Alichemsha mafuta vizuri, akayaacha yapoe, akaenda kuomba spiriti. Mvua ikanyesha, bati la maabara likavuja ndani ya sufuria. Niliona. Kifuniko kilikuwa mkononi mwangu. Sikuifunika.

Alipochanganya, yakaganda kama uji uliolala. Hayo ndiyo yalikuwa mafuta ya mwisho ya alizeti ya shule. Mwalimu alipouliza, Paulina akasema, "Ni mimi, mwalimu. Sikufunika."

Nilifurahi, lakini kidogo tu. Matroni alikuja akayanusa, akayachemsha tena kwa magadi, na baada ya siku chache akatukatia sabuni. Wasichana wote wakamshangilia Paulina. Wivu ukanishika upya, Baba, tena kwa ajili ya sabuni.

Jana akaniletea kipande, kikubwa kuliko chake. "Chukua wewe," akasema. "Hata kabla ya ile Jumamosi nilishamwambia mwalimu debe liende kwa baba yako. Wazo lilikuwa lako."

Bado sijamwambia habari ya kifuniko. Nimeanza na wewe, maana mashine iliyonyamaza ni yako. Kesho nitamwambia yeye, kabla ya kipindi cha kemia, mbele ya mwalimu.

Sabuni nimempa mleta barua, ni ya mama. Nisalimie bibi, na shangazi Veronika wa kwaya. Kaka Gabrieli mwambie asiuze mkanda wa mashine. Alizeti tutapanda tena.

Ni mimi binti yako,
Theresia