Jina la Barasa na Kaburi la Mgomba

Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na usiniambie "Tulia, Mama." Umeniita Mama tangu nizaliwe kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Haya, leo mama yako anakugombeza. Uliendaje ukaniachia hii kazi kabla haijaisha?

Lile jiwe la askari pale kwa chifu wamelibomoa. Lile la zamani, ulilokuwa ukilisugua na brashi ya viatu ukitafuta herufi zilizofutika. Wameweka jipya, jeusi, linang'aa hadi unaona meno yako. Vijana wote wa kijiji walioenda keya, jeshi la Mwingereza, wakafia Burma wamechongwa upya, isipokuwa Barasa. Baba yako mdogo, uliyepewa jina lake! Wewe uliyefika hadi Lwakhakha mpakani kumtafuta mzee aliyekuwa vitani pamoja naye, ndipo ukajua alianguka wapi. Nakumbuka ile siku ulishika kidole changu, mtu mzima mimi na watoto wangu, ukakipitisha kwenye hilo jina. "Huyu ni mimi," ukasema.

Basi nilifunga duka hapa Kibomet, Kitale, nikaenda nyumbani Bungoma na aproni yangu kiunoni. Mwenyekiti wa kamati, yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akinywa chai kwako kila Jumapili, akaniambia bila haya ati walipita kila boma kuhakikisha majina. Kwetu wakakuta kaburi la Barasa, lina saruji, lina msalaba. Kwa hivyo alirudi akazikwa kwao, na jiwe ni la wale ambao hawakurudi. "Si uelewe tu, Nekesa."

Baba, huo msalaba uliuweka wewe. Uliona wajukuu wanacheza mpira juu ya lile tuta, ukanunua saruji ukajenga kwa mikono yako. Ukaandika BARASA, basi. Mgeni angejuaje kwamba mle ndani hakuna mtu, kuna shina la mgomba? Ulimpenda ukamfuta! Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi. Halafu nikalia, kwa sababu mimi ndiye nilikuchanganyia hiyo saruji, nawe ulikuwa ukiimba.

Lakini mwenyekiti si mgeni, bana! Amezaliwa huko huko kijijini. Anajua mtu akifia mbali, mwili usiporudi, tunazika mgomba badala yake, tunaulilia na kuufunika kama mtu. Nilirudi kwake nikamwambia. Unajua alinijibu nini? "Leta ushahidi. Fukueni tuone."

Fukueni! Na mimi kwa hasira kweli nilichukua jembe. Shangazi Nasimiyu, dada yako, alikuwa ameketi mlangoni. Siku hizi hasimami bila kushikwa, lakini siku hiyo alisimama peke yake. "Nyanya yetu alilala juu ya huo udongo akilia, nikamwona," akasema. "Ukimtoa hapo, unamrudisha Burma." Nikaweka jembe chini.

Nikangoja baraza la chifu. Mwenyekiti alipomaliza kujisifu juu ya jiwe lake, nikasimama. Wakaniambia nikae, sikukaa. Nikamwambia, babu yako yuko kwenye hilo jiwe, na nyuma ya jiko lenu kuna tuta lake la mgomba, sote tulilipita tukija kumzika mama yako. Tofauti ni kwamba nyinyi hamkulijengea saruji. Sasa jembe lianzie wapi, kwenu au kwetu?

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, ati jina litaongezwa hapo chini kwa rangi. Rangi! Kama bei ya sukumawiki kwenye kibanda! Nikasema lichongwe kama ya wengine. Akasema fundi alisharudi Kitale. Nikamwambia Kitale ndiko ninakokaa.

Huyo fundi nimempata, Baba. Jumamosi nampeleka mwenyewe, na nitasimama hapo hadi amalize herufi ya mwisho. Ungekuwepo ungeniomba nimpe mwenyekiti mkono. Simpi. Labda mwaka ujao.

Umelala kando ya ule mgomba kama ulivyotaka. Saruji yako sitaibomoa, na hakuna atakayegusa huo udongo nikiwa hai. Siku ya kuzindua jiwe watasoma majina, na kila jamaa ataitika kwa ajili ya mtu wake. Lala tu, Baba. Wakisoma "Barasa," nitaitika mara mbili.

Binti yako, na mama yako,
Nekesa