Mukono Uliobaki Juu

Kavira, mujukuu wangu, Yezu akulinde huko Kisangani. Sisi Butembo tunapumua. Mbuzi ya mama yako imezaa mapacha, na magoti yangu yananitii siku ya Mungu tu, ya kwenda misa.

Unauliza kama ile sheria munasoma, ya kukataza basoda, wale maaskari, kupiga raia, inasaidia kitu. Acha nikupe ya sokulu wako, marehemu babu yako.

Nilikuwa bibi-arusi, na mji wetu Kirumba ulikuwa mikononi mwa basoda bageni. Commandant wao alitangaza mulangoni pa kanisa kwamba soda atakayepiga raia ataazibiwa. Asubuhi moja, soda mumoja akamulaza sokulu wako chini mbele ya bureau, ofisi yao, eti amekataa kuwachotea maji. Akainua fimbo. Hapo filimbi ya kupandisha drapeau, bendera yao, ikalia.

Drapeau ikipanda, hakuna aliyeruhusiwa kutikisika, hata wao, ila commandant tu. Soda akaganda na fimbo juu. Na siku ile kamba ikanasa katikati ya nguzo. Tukangoja. Mukono ukaanza kutetemeka.

Sokulu wako akauliza polepole, kutoka chini: "Kaka, hujachoka?"

"Nyamaza. Drapeau inapanda."

Commandant akatoka, akaangalia ile fimbo. "Huu mukono unafanya nini?"

"Unasalimia drapeau, mon commandant."

Hata commandant alicheka, kisha akamutuma kuchota maji mwenyewe. Sokulu wako akamusindikiza kumuonyesha chemchemi.

Sheria haikushika ule mukono, mama. Lakini soda alitafuta uongo, maana alijua iko makosa.

Soma vizuri. Na kamba ikinasa, usiharakishe kuinasua.

Mukaka wako, nyanya anayekutaja kila rozari